Jina Lililorukwa

Malaba haina siri. Lori linaweza kulala foleni siku tatu likingoja kuvuka, lakini habari huvuka papo hapo, bila karatasi na bila muhuri. Ndiyo maana Velma Amoding alipoanza kupandisha mabenchi juu ya meza Jumamosi ile saa mbili asubuhi, madereva waliokuwa wakingoja chai hawakuuliza anaenda wapi. Walijua.

"Leo ndiyo leo kwa Mzee Methuselah," mmoja alisema, kikombe kitupu mkononi.

"Yule jamaa wa Mundika anarudi?"

"Anarudi. Safari hii na baba yake mdogo."

"Basi huyo baba mdogo abebe plasta amzibe mdomo. Mtu anaenda kuomba mke, anaanza kubishana na Biblia!"

Kicheko kikapanda mpaka kwenye mabati. Velma akajifanya hajasikia. Mwanamke aliyeuza chai na chapati mpakani miaka sita anajua kuonekana hajasikia; hiyo ndiyo kazi yenyewe, chai ni kisingizio. Lakini alipofika kwenye kufuli aliuchomeka ufunguo kichwa chini, na Sylvia, binti aliyemkandia unga na kumtunzia siri zake zote, akamnyang'anya ufunguo.

"Lete, utajifunga kidole. Dada, mbona wahangaika na si wewe utaulizwa maswali?"

"Afadhali ningeulizwa mimi. Mimi najua kunyamaza."

Wakapanda pikipiki, wawili nyuma ya mmoja, kuku kwenye kikapu katikati yao, wakashika njia ya Adungosi.

Kilichotokea wiki tatu nyuma, kabla watu hawajakitia chumvi, ni hiki. Levis Egesa alikuja kwa mara ya kwanza kujitambulisha kwa baba yake Velma. Shati jeupe, viatu vya kuazima, kucha zake zimesuguliwa mpaka zikawa nyekundu, maana kwa kawaida hukaa na matope. Mzee Methuselah Elungat, msomaji wa kanisa kwa miaka thelathini na minane, alimpokea vizuri. Kuku alichinjwa. Na walipokuwa wanakula, Mzee akauliza swali ambalo kila baba huuliza.

"Kazi yako ni nini hasa, kijana?"

"Naosha udongo, mzee."

"Udongo unaoshwa?" Shangazi Akurut, dada mkubwa wa Mzee, akadakia. "Ukishaosha unabaki na nini, mwanangu?"

Wote walicheka, Levis pia. Akaeleza. Kule Kakapel, penye jiwe kubwa lenye michoro ya watu wa kale, watafiti wanachimba polepole kwa vijiko na brashi. Udongo wakishautoa, yeye huumimina ndani ya maji. Mchanga unazama. Makaa na mbegu za zamani zinaelea, naye huziokota moja moja. Siku moja iliokotwa punje ya kunde iliyoungua. Ikapimwa huko kwa wataalamu. Ikaonekana ina zaidi ya miaka elfu mbili.

"Elfu mbili!" Mzee alipiga goti lake kwa furaha. "Yaani Bwana Yesu hajazaliwa, na hapa kwetu watu wanakula kunde! Na chini ya hapo mkapata nini?"

Hapo ndipo mtu mwingine angesema, mzee, kuku wako ni mtamu. Levis hakuumbwa hivyo. Swali kwake ni kama mgeni mlangoni, lazima afungue.

"Chini zaidi kuna jivu la watu wengine, mzee. Wavuvi na wawindaji. Hao wana kama miaka elfu tisa."

Kijiko cha Mzee kikasimama njiani. Halafu nyumba nzima, mmoja baada ya mwingine, ikageuza macho kwenye ukuta. Pale ukutani, nyuma ya kalenda ya zamani iliyopinduliwa, Mzee alikuwa ameandika kwa mkono wake vizazi vyote kuanzia Adamu hadi Ibrahimu, na kando ya kila jina miaka, kwa kalamu nyekundu. Jumla ya dunia nzima ilikuwa chini kabisa, imepigiwa mistari miwili: miaka elfu sita na kidogo.

"Elfu tisa," Mzee akasema taratibu. "Hao watu wako walikaa miaka elfu tatu wakingoja Adamu aumbwe?"

"Sijui, mzee. Najua tu jivu lipo."

"Unakula kuku wangu huku ukimwita Musa mwongo."

Hakupiga kelele. Velma angependa apige kelele. Mzee alinawa mikono, akaingia chumbani, akafunga mlango; na mgeni akiachwa na sahani, amefukuzwa. Pale langoni Velma na Levis wakagombana kwa sauti za chini, maneno yakatoka ambayo hayarudi, na tangu siku hiyo simu ya Levis ilikuwa ikilia na Velma anaiangalia tu mpaka inyamaze.

Kitu kimoja watu wa Malaba hawakukijua. Jumapili mbili zilizofuata, Mzee hakusoma kanisani. Alisema koo. Kisha Jumatano akampigia bintiye, na sauti ilikuwa safi kama kengele.

"Amoding. Mwambie yule kijana aje Jumamosi. Asije peke yake."

"Ni kwa heri au kwa shari, baba?"

"Ni kwa chakula cha mchana," Mzee akasema, akakata. Velma akamwandikia Levis ujumbe mfupi, bila salamu.

*

Saa nne Velma alikuwa jikoni kwa baba yake, kanga kiunoni, moshi machoni. Kuku mmoja yuko kwenye sufuria, unga wa wimbi na muhogo umechekechwa, Sylvia anatwanga mbegu za simsim na kuimba mapambio kwa sauti mbovu.

"Hodi jikoni."

Velma hakugeuka. Alihitaji muda wa kupanga uso wake.

"Mgeni wa heshima anaingilia mbele," alisema.

"Mgeni wa heshima ataingia saa saba na baba yake mdogo. Mimi ni mtu wa kuleta kunde."

Sylvia akaweka mchi chini. "Mimi naenda kuchota maji."

"Maji yamejaa, Sylvia."

"Basi naenda kuyamwaga nichote mengine." Akapita mlangoni, akamwangalia Levis kutoka kichwani hadi miguuni. "Leo viatu ni vyako. Afadhali."

Wakabaki wawili. Levis alikuwa na mfuko mdogo wa punje za kunde, alizozipepeta mama yake kule Mundika, nyekundu na ndogo. Akaunyoosha mkono na mfuko. Velma akaupokea bila kugusa vidole, akazimimina kwenye chungu kilichokuwa na maji ya moto, akasukuma kuni ndani. Hapo hakukuwa na la kufanya tena ila kumtazama.

"Umekonda," alisema.

"Na wewe umekonda."

"Mimi ni kazi."

"Mimi ni wewe," Levis akasema.

Velma akatazama pembeni haraka. Mtu huyu hakujua kupamba maneno, na hiyo ndiyo ilikuwa hatari yake. Madereva wa mpakani walimpamba kila siku, ua, malaika, sukari, na hakuna hata mmoja aliyewahi kumkosesha usingizi. Huyu aliingia hotelini mwaka jana na matope mpaka kwenye viwiko, akaomba chai, akakaa akitazama mvuke kama anausoma. Na Velma akajikuta anamwongezea maziwa bila kuombwa.

"Kwa nini hukusema tu kwamba hujui?" akamuuliza. "Siku ile. Neno moja."

"Nilisema. Hamkunisikia, mlikuwa mnatazama ukuta." Akavuta kigoda, akakaa, magoti karibu yafike kidevuni. "Lakini jivu nalijua, Velma. Nimelishika. Nikisema silijui, nitakuwa nimemwomba baba yako mke kwa uongo. Halafu siku moja nitakudanganya wewe, kwa sababu nitakuwa nimeshaona uongo unalipa."

"Na akikuuliza tena leo?"

"Nitamjibu tena. Polepole zaidi."

"Na akikataa?"

"Nitarudi. Jumamosi ni nyingi."

"Mimi je?" Akaifunga upya kanga kiunoni. "Nisikilize. Wacha nikuambie mapema ili usije ukasema hukuambiwa. Baba akisema hapana, sitatoroka. Wasichana wengi hapa wanapanda pikipiki usiku, wazazi wanazoea. Mimi sitaweza. Mama alipokufa nilikuwa darasa la pili, na huyu mzee ndiye aliyenisuka nywele. Kwa vidole hivyo vya jembe. Mistari ilikuwa imepinda, shule nzima ilinicheka, na kila Jumapili jioni ananiita, Amoding, leta kichwa. Mpaka akajua kusuka. Mtu kama huyo simtoki kwa dirisha."

Levis alisogeza kigoda karibu naye.

"Sikuja kukutoa dirishani," alisema. "Nimekuja kwa mlango. Nimepitia tu jikoni kwanza."

Velma akacheka, na machozi yakatumia nafasi hiyo hiyo kutoka. Levis akatoa kitambaa mfukoni, kimekunjwa mara nne. Mara hii vidole viligusana, na hakuna aliyevuta wake.

"Unajua niliwaza nini nilipoiona ile punje?" aliuliza. "Wenzangu walikuwa wanaongea kilimo, nani alileta mbegu, ilitoka wapi. Mimi nikawaza, mbona iliungua? Kunde haiungui yenyewe. Kuna mwanamke aliweka chungu motoni, halafu akatazama kando. Nikajiuliza alikuwa anamtazama nani."

Walikaa hivyo. Nje kuku walikuwa wanakwaruza, mtoto wa jirani anaendesha gurudumu, na wao wamekaa wanatazamana kama watu waliotumwa kutazamana. Ni Sylvia aliyerudi na ndoo ile ile ya maji, akasimama mlangoni, akainua pua.

"Dada! Ni nini hicho kinanuka?"

Velma akaruka. Chungu kilikuwa kimekauka, kunde zimeshika chini, moshi mweusi unatoka kingoni. Akamwaga maji, yakachachatika. Juu zilipona. Chini zilikuwa makaa.

"Wageni wanakuja saa saba," akasema akiwa ameshika kichwa. "Hakuna wakati wa kupika nyingine!"

"Tia simsim nyingi," Sylvia akashauri. "Simsim inaficha mengi. Na wewe shemeji, toka, zunguka nyuma, uje kama mtu ambaye hajawahi kuona jikoni hii."

*

Saa saba na nusu walikuwa wamekaa. Upande wa wageni ni Levis na baba yake mdogo, Ojiambo, fundi wa baiskeli mwenye tumbo la furaha. Upande wa wenyeji ni Mzee Methuselah kwenye kiti chake, Biblia mapajani, na Shangazi Akurut kwenye mkeka, miguu imenyooshwa, mkongojo kando. Salamu zilikwisha kwa lugha tatu, ya wenyeji, ya wageni na Kiswahili. Kalenda ilikuwa bado ukutani, na hakuna aliyeitazama, kwa juhudi kubwa.

"Mzee," Ojiambo akaanza, "kijana wetu anasema alivunja kikombe hapa wiki tatu zilizopita."

"Kikombe tutakifikia," Mzee akasema. "Kwanza damu. Naambiwa nyanya yake huyu kijana alikuwa mtoto wa Kiteso."

"Binti wa Ejoku, mzee. Alitoka upande huu, akaolewa kwetu Bukhayo, huko Mundika."

"Unaona. Siwezi kuketi hapa nikazungumza mengine kabla sijajua kama Ejoku ni wetu. Kama ni wetu, hawa ni ndugu, tule tuagane."

Velma alikuwa amepiga magoti mbele ya Ojiambo, jagi la maji mkono wa kulia, beseni mkono wa kushoto, akimnawisha. Maji yakapita kando ya beseni. Jambo hili hakuliwazia. Wiki tatu aliogopa Adamu, kumbe kuna Ejoku.

Ojiambo akataja watu wake mpaka pale alipojua. Kisha Mzee akakohoa, akakaa wima, na akaanza kwa ile sauti ya kusomea kanisani, sauti iliyomlea Velma. Aliyajua majina hayo kwa moyo kabla hajajua kuandika.

"Mimi ni Elungat mwana wa Emojong. Emojong mwana wa Okisai. Okisai mwana wa Ekwaro. Ekwaro mwana wa Ikileng, aliyekuja kutoka upande wa Uganda na ng'ombe saba na mbwa mmoja. Hao ndio sisi. Ejoku simwoni."

"Umemruka Etyang," Shangazi Akurut akasema.

Mzee akafumba macho. "Dada."

"Nimesema tu. Damu ikihesabiwa ihesabiwe. Ekwaro hakuwa mtoto wa Ikileng. Ni mjukuu. Baba yake ni Etyang."

"Etyang hatajwi kwenye mambo ya ndoa. Unajua."

"Kwa nini hatajwi?" Ojiambo aliuliza, maana mtu anayependa habari hawezi kujizuia.

"Alipigwa na radi," Shangazi akaeleza kwa raha, "siku ambayo alikuwa amemtukana baba yake. Wazee wakasema jina lake lisiletwe mahali pa baraka. Kwa hiyo kila mtu wa nyumba hii anatoka Ekwaro anaruka mpaka Ikileng. Hata mimi nilifundishwa hivyo. Lakini usiogope, kijana," akamgeukia Levis, "Etyang alikuwa na mtoto mmoja tu, na Ejoku ninamjua, nilicheza na dada yake. Ni ukoo mwingine kabisa. Damu ni safi."

Velma akamaliza kumnawisha Ojiambo. Akasogea, bado kwa magoti, mpaka mbele ya baba yake. Akamwinulia jagi. Mzee akanyoosha mikono, ile mikono. Na sijui, angesema baadaye kwa Sylvia, sijui ni nani aliyenifungua mdomo.

"Baba," alisema polepole, "tulipokuwa wadogo ulitufundisha Ekwaro mwana wa Ikileng. Ulikuwa unatudanganya?"

"Hapana!" Mzee akashtuka. "Ekwaro ni wa Ikileng. Ni damu yake, ni nyumba yake. Huo si uongo. Ndivyo wazee wanavyotaja."

"Lakini mtu akichukua majina hayo matano akahesabu nayo miaka, tangu Ikileng avuke mpaka leo?"

"Atakosea. Nani alimwambia ayahesabie miaka? Majina yanataja sisi ni wa nani. Hayakuwekwa ya..."

Akasimama hapo. Maji yalikuwa yanapita juu ya mikono yake na kuingia kwenye beseni. Ojiambo aliangalia kalenda, akaondoa macho haraka. Velma akamtazama Levis. Alimwomba kwa macho, usiseme kitu, mpenzi wangu, tafadhali, hata neno moja. Levis alikuwa ametazama viatu vyake. Mtu mwingine angetabasamu. Yeye aliinamisha kichwa kama mtu aliyeingia chumba ambamo mwenyewe anavaa nguo.

Mzee alijifuta mikono kidole kimoja kimoja. Akafungua Biblia. Hakutafuta, ilifunguka yenyewe, kwenye unyoya wa kuku uliowekwa kama alama, na Velma aliyekuwa karibu akaona ni mwanzo wa Mathayo, na pembeni kuna mistari ya penseli, mingi, imefutwa na kuandikwa tena. Ile penseli haikuwa ya leo. Ndipo akaelewa lile koo la Jumapili mbili.

"Nilikuwa natafuta mahali pa kukupiga," Mzee akamwambia Levis, bila kuinua macho. "Nikasema nitaanza na orodha ya Bwana mwenyewe, nikuoneshe jinsi majina yanavyoshikana. Nikafika kwa Yoramu. Mathayo anasema alimzaa Uzia. Nikarudi kwenye vitabu vya Wafalme. Katikati ya Yoramu na Uzia kuna wafalme watatu. Ahazia, Yoashi, Amazia. Nimesoma ukurasa huu kanisani miaka thelathini na minane, na sikuwahi kuona kwamba Mathayo amewaruka. Na Mathayo si mwongo."

"Labda nao walipigwa na radi," Shangazi akasema, na Ojiambo akakohoa kicheko ndani ya kiganja.

"Nyamaza, dada." Lakini mdomo wa Mzee ulicheza pembeni. Kisha akainua macho, na yalikuwa makali. "Haya, kijana. Umesikia. Sema sasa. Umenishinda?"

Hili ndilo swali. Velma alijua. Alishika jagi kwa mikono miwili.

"La, mzee," Levis akasema. "Kwenye Mwanzo si majina matupu. Kuna miaka. Sethi anatajwa ana miaka mia moja na mitano alipomzaa Enoshi. Hiyo sijui niiweke wapi. Na majina yakirukwa mia, bado sioni yakifika kwenye jivu letu. Nimewaza wiki tatu. Sijui." Akainua macho. "Ninachojua ni kidogo. Udongo unaniambia mtu alipika hapa, na unaniambia ni lini. Haujawahi kuniambia aliyemuumba ni nani, wala kama alishukuru kabla ya kula. Hayo nilifundishwa na mama yangu kwenye kitabu hicho. Sikumwita Musa mwongo, mzee. Ningemwita mwongo, nisingethubutu kuja kuomba mtoto kwa mtu anayemsoma."

Nzi mmoja alitua kwenye Biblia, Mzee akampungia.

"Ungesema umenishinda," akasema hatimaye, "ningekupa chakula ule, halafu uende na usirudi. Mtu anayefurahi kumshinda mzee atafurahi kumshinda mke." Akapapasa mfuko wa shati. "Sibandui ile kalenda. Usinisikie vibaya. Itakaa pale mpaka nife, na kwa jina nililopewa, hiyo ni miaka mingi. Lakini utanipeleka huko Kakapel. Nataka hilo jivu nilione kwa macho yangu."

"Hata kesho, mzee."

"Kesho ni Jumapili. Kesho nasoma." Akatoa kalamu, ile nyekundu. "Njoo hapa. Mimi macho yamechoka."

Levis akapiga goti karibu na kiti, kando ya Velma, mabega yao yakagusana. Mzee alikuwa amefungua ukurasa wa mbele wa Biblia, ambapo familia iliandikwa kwa mikono ya watu tofauti, wino tofauti. Ikileng juu. Chini yake Ekwaro. Akaweka kidole katikati.

"Hapa pabana, lakini andika. Etyang. Miaka yote hii tumemwacha nje na radi iliyompiga."

Levis akaandika herufi ndogo ndogo, nadhifu, kama mtu aliyezoea kuandika juu ya vipakiti vya mbegu. Shangazi Akurut akapangusa jicho kwa ncha ya kanga akasema ni moshi, ingawa jiko lilikuwa nje.

"Sasa shuka chini," Mzee akaendelea. "Unaona palipoandikwa Amoding? Hapo usiandike kitu leo. Wazee wako watakuja, tutaongea yanayoongewa. Lakini ubavuni mwake acha nafasi ya jina moja."

"Ndiyo, mzee."

"Na chini yake acha ukurasa mzima."

Ojiambo akapiga makofi. Shangazi akapiga kigelegele kilichofika barabarani, na nje Sylvia, ambaye hakuwahi kwenda mbali na dirisha, akakijibu. Velma hakuona vizuri kwa muda. Alihisi tu mkono mkavu, mzito, ukitua juu ya kichwa chake, ukapita kwenye mstari wa nywele mmoja mpaka mwisho, jinsi ulivyofanya kila Jumapili jioni.

"Leta chakula, mama," baba yake akasema. "Njaa imetuvumilia vya kutosha."

Chakula kikaja. Kuku, ugali, na zile kunde zikiwa zimezamishwa ndani ya simsim. Mzee alishukuru kwa sala ndefu iliyomtaja Etyang kwa jina. Akachota kunde kwanza. Akatafuna. Akaacha kutafuna.

"Ni nani ameunguza hizi?"

Sylvia akatazama dari. Velma akainamisha uso.

"Ni mimi, baba. Nilikuwa nimetazama kando."

Mzee akamtazama binti yake, akamtazama Levis aliyekuwa amewiva masikio, akairudisha ile harufu ya asubuhi puani mwake, na akajumlisha. Hesabu hiyo haikumchukua muda. Akachota kijiko cha pili.

"Zile zilizoshika chini ya chungu usiwape kuku," akasema. "Zifukie huko nyuma. Huenda mtu atakuja kuziosha."

Jua lilipoanza kulegea, wazee wakiwa bado wanacheka ndani, Velma alikwangua chungu, akachimba kishimo kwa ncha ya panga nyuma ya jiko. Levis alikuja akachuchumaa kando yake, mikono wazi, akapokea zile punje nyeusi kwa uangalifu kana kwamba zina joto bado. Akaziweka moja moja.

"Funika na jivu kidogo," alisema. "Inasaidia kukaa."

Velma akafunika. Kisha akapapasa udongo kwa kiganja, taratibu, mpaka ukawa sawa.